Pingili ya Saba, Mara Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa idara kanirudishia sura yangu ya kitabu. Wino mwekundu kila ukurasa, na mwisho kabisa neno moja: "Hapana." Nukta yake kaikandamiza mpaka karatasi imetoboka.

Haya. Nami nasema hapana kwa hapana yake.

Ngoja niweke mambo sawa hapa, maana kichwa kinachemka. Kwenye kijito kile nyuma ya kiwanda cha matofali nimekusanya nzi-mawe madume. (Nzi-mawe si nzi. Ni mdudu wa mtoni. Utoto wake wote anauishi chini ya mawe, halafu anatoka majini, anaota mabawa, anatafuta mke, anakufa. Kuna wanaume nawajua wanaishi hivyo hivyo.) Ukiangalia kichwa na mabawa, ni yule yule ambaye Baba alimtangaza zamani. Vijicho vya paji viwili badala ya vitatu. Doa jeusi katikati. Mabaki ya matamvua kwapani, ya tangu alipokuwa anapumua majini. Nimelinganisha na makala ya Baba mstari kwa mstari. Sawa, sawa, sawa.

Halafu unafika mkiani.

Na kwa nzi-mawe, mkia ndio kitambulisho! Sura wanafanana ukoo mzima. Lakini kila spishi ina kulabu zake za kushikia jike, na ndani ana mfuko wenye miiba iliyopangwa kivyake. Kwenye mchoro wa Baba kulabu ni ndefu, zimepinda, na miiba imejaa tele. Wangu wana kulabu fupi, butu, na miiba mstari mmoja tu. Kila dume niliyempasua. Kila mmoja!

Kwa hiyo nikaandika kwamba hii ni spishi mpya. Mkuu anasema hapana, hizo ni tofauti ndogondogo za ndani ya spishi moja, na kwamba yeye alifundishwa na Baba na hatakubali binti wa mwalimu wake ndiye aanze kumbomolea. Akayasema kwa sauti ya huruma. Huruma yake aitunze, itamfaa uzeeni.

Kitabu cha wadudu wa mtoni kinakwenda kwa mchapaji mwisho wa mwezi. Nikishikilia langu, sura yangu inatolewa.

Na kuna jambo ambalo hakulisema, wala hakuhitaji kulisema. Yule mdudu wa Baba ana jina la Mama.

Jumanne, 4 Machi

Nilikusudia kumwambia Baba polepole. Ulimi wangu haujui polepole. Tuko mezani, nikasema wale wa kijitoni si wale wa Mama, ni wengine.

Akaacha kutafuna. Akaanza kunihoji kama bado yuko darasani — niliwachemsha kwenye potashi mpaka nyama ikaisha? Mfuko niliutoa nje wote, au niliutoa nusu nikaona uvivu? Mimi, uvivu!

Shangazi, dada yake Baba, tunaishi naye tangu Mama afariki. Akaweka kijiko chini. "Mnazungumzia nini hasa? Mimi nakula."

Nikamwambia ni sehemu za siri za mdudu.

"Mungu wangu! Wenzako wanatafuta harusi zao, wewe unachungulia harusi za wadudu!"

Baba akacheka mpaka akafuta macho. Jicho la kulia siku hizi haoni kabisa, la kushoto anaona kwa tabu. Halafu nikasema nitaomba kielelezo stoo. Kielelezo ni yule mdudu mmoja ambaye jina limefungwa kwake. Ukitaka kujua spishi ni ipi, huangalii vitabu, unamwangalia yeye.

Kicheko kikaisha. Akasema hakuna haja. Mchoro unatosha. Kielelezo kiachwe kilale.

Mchoro unatosha! Baba huyu huyu aliyenifundisha kwamba mchoro ni maneno ya mtu na mdudu ni mdudu! Mchoro wenyewe uko ukutani sebuleni, kwenye fremu, mahali ambapo nyumba za wengine wameweka picha ya harusi. Nikautazama muda mrefu. Baba akaomba apelekwe chumbani, kachoka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwomba Mkuu ruhusa ya kufungua kabati la vielelezo. Kakataa. Nikaleta kiti, nikakaa mlangoni kwake na mfuko wa karanga. Kila aliyepita akaniuliza vipi, nikamweleza — kwa sauti. Mkutubi alisikia. Mhasibu alisikia. Mpaka fundi wa mabomba kaelewa kulabu ni nini, na akauliza maswali mazuri kuliko Mkuu.

Kabla ya chakula cha mchana Mkuu akatoka na sahihi. Akasema mimi ni msumbufu. Nikasema asante.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Naandika tu.

Bi Spiriti ndiye mtunza stoo. Tunamwita hivyo kwa sababu ya harufu, na yeye mwenyewe hujiita hivyo kwenye simu. Alinitolea kichupa kwa mikono miwili kama anatoa mtoto mchanga. Lebo nyekundu. Mwandiko wa Baba, ule wa zamani, ulionyooka. Ndani ya spiriti yumo mdudu hadi nusu ya tumbo, na pembeni yake kijichupa kidogo kimezibwa na pamba. Humo ndimo uliomo mkia. Ndivyo tunavyofanya sote: unakata ncha ya tumbo, unaichemsha kwenye potashi ili uione kwa ndani, na kwa kuwa hairudi tena mahali pake unaitia kwenye kijichupa, na kijichupa unakitia pamoja na mwenyewe. Mtu na mkia wake, kichupa kimoja.

Nikaweka chini ya hadubini. Nikahesabu pingili za tumbo. Nzi-mawe ana kumi.

Kiwiliwili kina saba. Mkia unaanza na ya saba.

Nikahesabu tena. Nikaenda kunywa maji. Nikarudi, nikahesabu kuanzia nyuma. Pingili ya saba haiwezi kukosewa, dume ana kibamba kigumu pale mgongoni. Kiwiliwili kina kibamba, cha duara. Mkia nao una kibamba, chenye pembe mbili. Mdudu mmoja, pingili kumi na moja, ya saba mara mbili!

Hakuna mdudu kama huyu duniani. Hawa ni wawili. Mdudu wa Mama ana kichwa cha huyu na mkia wa yule.

Bi Spiriti akauliza kama kuna aliyekufa. Nikamwambia ndiyo, spishi yangu mpya. Maana kibamba cha duara ndicho walichonacho madume wangu wa kijitoni. Kiwiliwili hiki ni wao. Mdudu "mpya" niliyempigania wiki nzima, aliyenifanya nikae mlangoni kwa watu na karanga, ndiye yule yule wa Mama, kavalishwa mkia wa mwingine.

Nilicheka. Halafu sikucheka tena.

Jumamosi, 8 Machi

Baba kaniuliza niliona nini stoo. Nikasema vumbi. Ni mara yangu ya kwanza kumdanganya juu ya mdudu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempeleka Mkuu kwenye hadubini. Akainama. Akakaa hapo muda mrefu, tai imelala kwenye kisahani cha spiriti, sikumwambia.

Akasema nimehesabu vibaya, pingili ya kwanza huwa imejificha chini ya kifua. Nikasema imejificha kwa chini, kwa juu inaonekana, na hata ikijificha mpaka kesho, vibamba ni viwili. Akakubali ni viwili. Akakaa.

Kisha akafunga mlango. Sauti ya huruma ikarudi. Mzee kachoka, macho yanakwenda, huyu mdudu ndio kumbukumbu yake ya mke wake. Kwa nini nisingoje? Akishapumzika, nitaandika nitakavyo, na yeye Mkuu atakuwa wa kwanza kunipongeza.

Yaani nimsubiri baba yangu afe! Niwe naamka kila asubuhi namwangalia kama amepunguapungua! Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia pia kwamba watu wanakwenda mtoni na mchoro ule mkononi, wanashika mdudu wa Mama, hawaoni mkia waliochorewa, wanamrudisha majini kama asiye na jina. Mdudu yuko pale nyuma ya kiwanda, mzima, anazaa, na kwenye vitabu vyetu hayupo.

Mkuu akakasirika. Afadhali! Namwelewa zaidi akikasirika. Akasema sawa, niandike. Lakini kitabu chake hakitasema "kosa lilitokea" kana kwamba ni mvua ilinyesha. Niandike nani alikosea, kwa jina. Na hapo tutaona kama nitathubutu.

Anadhani nitashindwa kuandika jina la Baba. Hanijui. Baba mwenyewe alinifundisha kusahihisha watu kwa majina yao, akianza na lake.

Jumanne, 11 Machi

Nimesoma kanuni za majina ya wanyama siku nzima. Kumbe ipo! Kielelezo kikigundulika kina kiungo cha mnyama mwingine, anayegundua anaruhusiwa kukitenga, kwa maandishi. Kinachobaki ndicho kinachobeba jina.

Kwa hiyo natakiwa kuchagua. Nikitenga kiwiliwili, jina la Mama linakwenda na mkia, na wale wa kijitoni wanakuwa wapya, wangu, nawapa jina nitakalo. Nikitenga mkia, jina la Mama linabaki na kiwiliwili, yaani linabaki na wale wa kijitoni, na mimi sina changu.

Sikufikiri sana. Makala ya Baba imeeleza kichwa, kifua, mabawa, rangi, vipimo, yote ya kiwiliwili. Mkia kaupa aya moja na mchoro. Natenga mkia. Mama anabaki mtoni.

Nilifurahi mpaka nikapiga meza. Nilijiona nimempatia Baba zawadi.

Jumatano, 12 Machi

Shangazi alikuwa anakunja nguo, mimi namsaidia, yaani nazikunja vibaya naye anazikunja upya. Nikamweleza yote. Nikasema Baba alipokuwa akikata mikia siku ile alichanganya.

Akanitazama kama nimesema Baba alikuwa rubani.

"Baba yako? Akate? Yule mikono inamtetemeka tangu shule. Hata kitunguu hawezi. Mama yako ndiye alikuwa anakata."

Nikaacha shuka.

Akaendelea tu, hajui alichokifanya. Mezani jikoni, vyombo vikishaoshwa. Sindano, taa, visahani viwili vitatu. Watoto tukifukuzwa, tusipige chafya. Baba anashika kalamu, Mama anashika wembe. Alikuwa na mkono mzuri sana, anasema Shangazi, alikata nguo za harusi za nusu ya mtaa, huyo wadudu ndio wangemshinda?

Nakumbuka kufukuzwa. Nakumbuka harufu ya spiriti jikoni. Sikuwahi kujiuliza.

Kosa si la Baba. Ni la Mama. Juu ya mdudu wa Mama.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikwenda kazini. Nilikaa.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimemwambia. Shangazi alikuwa kwa majirani. Baba yuko kwenye kiti chake chini ya mchoro, redio inasema peke yake. Nikaizima.

Nikasema nimehesabu pingili, Baba. Ziko kumi na moja.

Hakushtuka. Alikunja tu mikono.

"Nilijua," akasema.

Alijua! Mwaka uliofuata baada ya makala kutoka alirudi stoo kupima kitu kingine, akahesabu, akaona. Mama alikuwa amelazwa tayari. Makala ilikuwa kwenye droo ya kitanda chake cha hospitali. Kila nesi akiingia anaonyeshwa. "Huyu ni mimi," anawaambia, "mimi ni mdudu, msinichezee." Manesi wanacheka. Baba akaniuliza mimi ningemwambia? Pale, kitandani?

Nisingemwambia. Hata mimi, na mdomo wangu huu.

Lakini nikasema Mama amekufa, Baba. Mdudu hajafa. Nikamweleza kuhusu kanuni, kwamba jina linabaki, kwamba Mama hapotei, anapata mwili wake. Nilidhani atafurahi.

Akauliza: "Na utaandika nani alikata?"

Nikasema Mkuu anataka jina.

"Basi andika ni mimi."

Nikasema siwezi, si kweli. Akasema yeye ndiye aliyetia sahihi makala, kosa ni lake. Nikasema sahihi ndiyo, wembe hapana. Akapandisha sauti — sijamsikia akipandisha sauti tangu astaafu! Akasema mara moja tu katika maisha yake jina la mwanamke yule limechapishwa kwenye karatasi. Mara moja. Hakuna mahali pengine popote. Wembe wake wote wa miaka ile, makala zote zile, hakuna hata moja iliyomshukuru, kwa sababu yeye Baba alikuwa kijana mpumbavu na hakuona kama kukata ni kazi. Jina la mdudu ndilo alilompa mwishoni. Na sasa mimi nataka jina hilo litokee mara ya pili, na mara hiyo ya pili iwe ni kwa kosa!

Nililia. Hasira na uchungu, vyote. Nikamwambia: kwa hiyo tukifuta kosa lake tunafuta na mkono wake. Ukiandika ni wewe uliyekata, Mama hakuwahi kushika wembe. Utakuwa umemnyima mara mbili!

Akaniambia nitoke.

Nimetoka. Sirudi nyuma. Nakumbuka nilishona pindo la sketi yangu ya shule, nikajisifu mbele ya wageni. Mama akaishika. "Nje pazuri," akasema, "geuza ndani." Nikageuza. "Fumua." Mbele ya wageni wote, nikafumua. Mwanamke huyo ndiye ambaye Baba anataka kumfunikia!

Jumatano, 19 Machi

Baba hasemi nami. Mezani leo: "Dada, mwambie yule binti anipe chumvi." Niko kando yake, viwiko vinagusana. Nikasema: "Shangazi, mwambie yule mzee chumvi iko mbele yake." Shangazi akaichukua chumvi, akaiweka kabatini, akasema basi wote mtakula hivyo hivyo.

Ijumaa, 21 Machi

Bi Spiriti! Nimembusu shavu, naye kajifuta.

Nilimwambia kama mikia ilibadilishana, basi lazima kuna mwingine mahali fulani, aliyebaki na mkia wa Mama. Akapekua trei za "wasiojulikana", zile ambazo hakuna mtu anayezigusa. Leo asubuhi kaweka kichupa mezani kwangu bila neno. Lebo ya siku ile ile, mto ule ule, mwandiko wa Baba. Ndani kiwiliwili na kijichupa.

Kiwiliwili kina pingili sita. Mkia unaanza na ya nane. Tisa! Huyu hana pingili ya saba kabisa, kwa sababu mwenzake anazo mbili. Na mkia wenyewe: kulabu fupi, butu. Miiba mstari mmoja.

Visahani viwili juu ya meza ya jikoni. Mmoja alikatwa juu kidogo, mwingine chini kidogo, halafu mtu akakohoa, au mtoto akapiga kelele, au maziwa yakachemka yakamwagika. Labda mtoto mwenyewe ni mimi.

Nikairudisha mikia mahali pake. Mkia wa huyu kwa huyu, wa yule kwa yule, kila mmoja na lebo inayoeleza nilichofanya. Kumi na kumi. Na yule wa pili, mwenye kulabu ndefu, ndiye asiye na jina. Spishi mpya ipo! Imekaa kwenye trei miaka yote hiyo.

Mkuu alikuja kutazama. Akatazama sana. Akauliza, hivi hivi tu, huku anafuta miwani: huyo mpya ataitwa nani? Nikasema bado nafikiri. Akasema kuna desturi nzuri ya kuwaenzi viongozi wa idara. Nikasema nimesikia.

Lakini sharti lake liko pale pale. Jina la aliyekosea, au sura inatolewa. Ijumaa ijayo ndiyo mwisho.

Jumapili, 23 Machi

Nimeandika sentensi. Nimeiandika mara nyingi. "Mikia ya madume haya mawili ilibadilishwa wakati wa kutayarishwa na…"

Nikaandika jina la Mama. Lilikaa pale. Ni kweli, na linauma. Nikawaza manesi. Nikalifuta.

Nikaandika la Baba. Vidole vilikataa. Nikalifuta.

Eti mimi ndiye nisiyeogopa mtu.

Jumatatu, 24 Machi

Sikubali kushindwa na nafasi ya maneno mawili. Nimechapa ukurasa ule, nafasi ikiwa wazi, nikaingia chumbani kwa Baba bila kubisha hodi. Nikamsomea. Nikamwambia mliokuwa jikoni siku ile ni wawili, na mmoja bado yupo. Ajaze yeye. Lakini si hapa kitandani. Aje ofisini, aweke jicho kwenye hadubini, ahesabu mwenyewe, kisha ajaze. Akiweza kuandika uongo huku anamwangalia mdudu, basi nitauchapisha kama ulivyo, na sitasema tena.

Nilipotoka nje nikajuta. Je, akiandika? Nimeahidi! Nitachapa uongo kwenye sura yangu ya kwanza, kwa mkono wangu, na Mama hatakuwa amekata hata unyasi.

Lakini sibadilishi. Nimesema.

Shangazi anasema Baba aliomba viatu vyake vipigwe rangi, halafu akasema basi, viacheni.

Jumatano, 26 Machi

Hajaja. Chumvi imerudi mezani, hakuna anayeiomba.

Alhamisi, 27 Machi

Hajaja. Mkuu kanipita kwenye korido, kaangalia saa yake. Mwache aangalie.

Ijumaa, 28 Machi

Yuko hapa! Naandika mezani kwangu, daftari limelala mapajani, maana nisipoandika nitapiga kelele.

Amekuja na Shangazi. Viatu vinang'aa. Amevaa koti la kufundishia, lina chaki mfukoni bado. Hajakanyaga jengo hili tangu astaafu, na alipita korido nzima akishika ukuta, akitaja kila mlango ulikuwa wa nani. Bi Spiriti alitoka stoo akalia hadharani. Baba akamwambia bado unanuka. Akalia zaidi.

Mimi hajanisalimia. Alisema tu: "Kiko wapi?"

Nimemwekea kichupa cha lebo nyekundu. Nimerudisha kila kitu kama nilivyokikuta, mkia usio wake pembeni, kwa ajili ya leo tu. Ukurasa wangu uko kulia kwake, na nafasi iko wazi. Nimewasha taa zote mbili. Nimempandishia kiti, nikamgeuzia kichwa kidogo ili jicho la kushoto likae sawa. Shingo yake imekuwa nyembamba. Akaniacha nimshike.

Mkuu amekuja, amesimama mlangoni, mikono nyuma. Mchapaji kamtuma mtu, anasubiri chini. Shangazi amekaa juu ya boksi la vichupa vitupu, mkoba mapajani.

Baba anahesabu. Kwa sauti, kama alivyokuwa ananihesabia nilipokuwa mdogo, nimesimama juu ya stuli. Ya kwanza, imejificha, lakini ipo. Ya pili. Ya tatu. Vidole vyake vinatetemeka kwenye gurudumu la hadubini, picha inapotea, anaitafuta, anaipata. Ya nne. Ya tano. Anapumua. Ya sita. Ya saba, "na kibamba cha duara."

Nimemsogezea kisahani cha mkia. Amechukua muda. Jicho linamtoka machozi, anapangusa kwa mgongo wa mkono, anarudi.

"Ya saba," kasema. Taratibu. "Na kibamba chenye pembe."

Hakuendelea. Ya nane hakuitaja. Amebaki ameinama pale pale.

Mkuu anakohoa. Anauliza, mwalimu, tuseme nini basi?

Baba anasema kitu, lakini si kwa Mkuu, wala sidhani ni kwangu. Anasema, "Tazama ulivyokata. Hakuna hata uzi uliochanika." Mkono wa kulia umeanza kupapasa meza, umepita kibanio, umepita sindano, umeufikia ukurasa wangu, kidole kinatafuta ile nafasi. Kimeipata. Kimekaa hapo.

Sasa bila kuinua kichwa ananinyooshea mkono wa pili, kiganja wazi. Anataka kalamu. Nimeangaza meza nzima, kalamu iliyopo ni hii tu ninayoandikia